Mkaguzi, wewe ulikagua nini?

Mkutano mkuu wa SACCOS yetu, yaani chama chetu cha akiba na mikopo, ulichelewa kuanza kama kawaida, watu tunasubiri akidi, wengine wako nje wanaongea na simu. Ilipofika ajenda ya taarifa ya mkaguzi, ukumbi wote ukatulia, maana tulikuwa tumeshasikia kwamba kuna mikopo hewa, yaani mikopo imeandikwa kwa majina ya wanachama ambao hawakuwahi kukopa. Baadhi ya wenye majina hayo walikuwa wamekaa humohumo ukumbini.

Mkaguzi ni kijana mtaratibu. Akasoma ukurasa wa maoni mpaka mwisho, akashukuru.

Akasimama mama mmoja, muuguzi mstaafu, mwanachama tangu chama kinaanza. Wala hakupandisha sauti. "Mwanangu, mwaka jana ulikuja hapa ukatusomea kwamba hesabu ziko sawa. Mwaka juzi hivyohivyo. Leo naambiwa nina mkopo ambao hata shilingi yake sijaiona. Naomba unieleze tu, wewe ulikagua nini?"

Kijana akaamkia kwanza. "Shikamoo mama." Kisha akajibu vizuri tu, kwamba kutayarisha hesabu ni jukumu la bodi na menejimenti, kuzuia wizi ni jukumu lao pia, yeye anatoa maoni kwa uhakika wa kuridhisha na sio uhakika wa asilimia mia, na kazi inafanyika kwa sampuli, haiwezekani kupitia kila karatasi.

Kila alichosema ni kweli.

Mama akakaa. Mimi nimewahi kufanya kazi za ukaguzi miaka kadhaa kabla ya kuhamia uhasibu wa kawaida, na yale maneno ya kijana nayajua yote, najua hata yanakaa aya ya ngapi kwenye ripoti. Lakini nilitoka pale na swali la yule mama na limenikaa kichwani wiki nyingi sasa, nalala nalo naamka nalo, ndiyo maana naandika.

Jibu tulilofundishwa

Ukisomea uhasibu popote pale hautamaliza bila kukutana na kesi ya Kingston Cotton Mill, Uingereza, mwaka 1896. Kiwanda cha pamba. Meneja alikuwa anaongeza thamani ya pamba na nyuzi zilizoko stoo ili faida ionekane kubwa, mwaka baada ya mwaka, na wakaguzi walikuwa wanachukua cheti chake alichosaini mwenyewe kwamba stoo ina mzigo wa kiasi fulani, wanaandika hivyo. Mambo yalipolipuka wakashtakiwa. Mahakama ya rufaa ikawaachia. Jaji Lopes akasema mkaguzi ni mbwa wa ulinzi, sio mbwa wa kunusa nyayo za wahalifu, na kwamba ana haki ya kuwaamini watumishi wa kampuni wanaoaminika ikiwa hakuna kitu cha kumtia shaka.

Huo msemo umewakinga wakaguzi kwa zaidi ya miaka mia moja.

Na una mantiki yake, sibishi. Kampuni ina miamala laki kadhaa kwa mwaka, mkaguzi ana timu ya watu wanne na wiki tatu. Akitaka kugusa kila vocha, gharama ya ukaguzi itakula faida yote na hesabu za mwaka huu zitatoka mwaka kesho kutwa. Kwahiyo anachagua sampuli, anaangalia udhibiti wa ndani, yaani taratibu za kampuni za kuzuia makosa na wizi, uko vipi, anaangalia sehemu zenye hatari kubwa, halafu anatoa maoni. Wizi uliopangwa na watu watatu wakubwa wanaosainiana nyaraka unaweza kumpita mkaguzi mzuri kabisa. Hilo linatokea.

Halafu kuna ile mistari ambayo mwanachama wa kawaida haambiwi. Kabla kazi haijaanza mkaguzi anaweka kiwango, kwamba makosa yakiwa chini ya hapa hayawezi kumbadilisha msomaji maamuzi. Kwa kampuni ya biashara wengi wanaanzia kwenye asilimia 5 ya faida kabla ya kodi, kwa taasisi ya fedha wengine wanachukua asilimia ndogo ya mali zote. Sasa chukua chama chenye mali za bilioni 4, weka asilimia 1, unapata milioni 40. Maana yake mtu anaweza kuondoka na milioni 30 za akina mama wauza mboga na walimu wastaafu, na kwa hesabu tupu ikaonekana iko chini ya mstari.

Viwango vyenyewe vinasema wizi uliofanywa na kiongozi ni mzito hata kama kiasi ni kidogo, kwa sababu kama kiongozi kadanganya hapa basi neno lake lote haliaminiki. Lakini hiyo sentensi inasomwa sana kwenye mtihani kuliko kwenye kazi.

Basi wiki za mwanzo nilikuwa upande wa kijana. Nikawa najiambia mama anataka kitu ambacho mkaguzi hakuahidi.

Maghala ya Canada

Kilichonigeuza ni kesi nyingine ya zamani, hii ya Marekani, ambayo kwa kweli darasani huwa inapitwa haraka.

Mwaka 1938 kampuni kubwa ya dawa, McKesson & Robbins, iligundulika ina mali hewa. Kiongozi wake alijiita F. Donald Coster, lakini jina lake halisi lilikuwa Philip Musica, mtu aliyekwisha kufungwa kwa utapeli huko nyuma. Kampuni ilionyesha ina mzigo kwenye maghala nchini Canada na ina wateja inaowadai. Mzigo haukuwepo. Wateja hawakuwepo. Kati ya mali za dola milioni 87 hivi zilizoandikwa vitabuni, kama milioni 19 zilikuwa za karatasi tu. Na vitabu vilikuwa vimekaguliwa kila mwaka na kampuni inayoheshimika, Price Waterhouse.

Wakaguzi walijitetea kwamba wamefuata taratibu za wakati ule. Na ni kweli walifuata! Taratibu za wakati ule hazikumtaka mkaguzi aende ghalani akaone mzigo kwa macho yake, wala awaandikie wadaiwa awaulize "je ni kweli unadaiwa hiki kiasi?". Ukimuuliza mkaguzi wa mwaka 1937 kwanini hukwenda ghalani, angekujibu kwa heshima kabisa kwamba hiyo sio kazi yake, yeye sio mtaalamu wa dawa, hiyo ni kazi ya menejimenti.

Jibu lilelile.

Mwaka 1939 taaluma ya Marekani ikabadilisha utaratibu, kwamba kuanzia sasa utakwenda kuona mzigo ukihesabiwa na utawaandikia wadaiwa moja kwa moja. Leo hakuna mkaguzi anayeona hilo ni jambo la ajabu, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa CPA, ile mitihani ya kitaaluma ya uhasibu, anajua. Kitu ambacho wenye hisa walikuwa wanaambiwa hawaelewi kazi ya ukaguzi, mwaka mmoja baadaye ndiyo ikawa kazi ya ukaguzi.

Hapo ndipo nilipokaa chini nikamfikiria upya yule mama.

Maana ukiangalia vizuri, yeye hakumwomba kijana anuse nyayo za mtu. Mkopo wa mwanachama kwenye vitabu vya SACCOS ni nini? Ni deni ambalo chama kinamdai mwanachama. Mwanachama ni mdaiwa. Na kumuuliza mdaiwa moja kwa moja kama kweli anadaiwa ni hatua iliyofanywa kuwa lazima 1939, kabla hata babu zetu wengi hawajaiona benki. Mama alikuwa anauliza kwanini hakuulizwa. Ana namba ya simu, iko kwenye fomu ya uanachama. Kila Jumapili yuko kanisani. Anapatikana.

Lawama igawanywe vizuri

Mwaka 1993 mtafiti mmoja wa New Zealand, Brenda Porter, alichapisha utafiti juu ya hili pengo, kati ya watu wanachotarajia na wakaguzi wanachotoa. Aliligawa pengo sehemu tatu. Kuna sehemu ambayo watu wanataka kisichowezekana. Kuna sehemu ambayo watu wanataka kitu cha maana kabisa lakini sheria na viwango bado havijamlazimisha mkaguzi kukifanya. Na kuna sehemu ambayo mkaguzi tayari anatakiwa kukifanya, na hakifanyi, au anakifanya vibaya.

Matokeo yake yalikuwa kwamba kama nusu nzima ya pengo iko kwenye viwango, kama theluthi ndiyo wananchi wanaotaka makubwa mno, na iliyobaki ni uzembe wa kazi. Kumbuka hiyo ni New Zealand, sio huku kwetu, na ni zamani. Lakini nilivyokuwa nafanya kazi, nilichokuwa nasikia ofisini ni hiyo theluthi tu. Wateja hawaelewi, wananchi hawaelewi, waandishi wa habari hawaelewi, inabidi waelimishwe. Kila semina inaishia kwenye kuelimisha umma.

Umma uelimishwe sawa. Ila hizo sehemu mbili nyingine nani anazishughulikia?

Majirani zetu Nairobi

Kwa upande huu wa dunia mifano mizito iko Kenya, na wengi mnaikumbuka.

Imperial Bank. Mkurugenzi mkuu wake alifariki Septemba 2015, na ndani ya wiki chache tu baada ya msiba, Oktoba 13, Benki Kuu ya Kenya ikaiweka chini ya usimamizi. Kiasi kilichotajwa baadaye kilikuwa shilingi za Kenya bilioni 34, fedha zilizodaiwa kutolewa kwa miaka kupitia pembeni ya mfumo. Benki ilikuwa imetoka kuuza hatifungani, yaani kukopa kwa wawekezaji, ya bilioni 2 kwa watu waliosoma hesabu zake zilizokaguliwa wakaziamini. Mkaguzi wa nje alikuwepo, wa ndani alikuwepo, wasimamizi wa Benki Kuu walikuwepo, na siri ilitoka kwa sababu mtu mmoja alifariki.

Miezi michache baadaye ikaja Chase Bank, na hii ndiyo inayonisumbua zaidi kwa sababu ni kinyume chake. Safari hii wakaguzi waliongea. Aprili 2016 hesabu zilizokuwa zimetangazwa zikarekebishwa, mikopo ya wakurugenzi na watumishi ikapanda mpaka zaidi ya bilioni 13, maoni ya mkaguzi yakatoka na shaka. Watu wakaona, habari ikakimbia kwenye simu, foleni zikajaa kwenye matawi, na Aprili 7 benki ikafungwa. Kuna mwenye duka aliyekuwa na mshahara wa wafanyakazi wake humo. Kuna wazazi waliokuwa na ada ya shule.

Kwahiyo mkaguzi akinyamaza anaulizwa ulikuwa wapi, na akisema, benki inaanguka siku hiyohiyo na watu wanamuona yeye ndiye aliyeiangusha. Nimelitafakari hili muda mrefu kwa sababu linamfanya mkaguzi aogope kweli, sio kisingizio. Ila jibu ninalofika kila mara ni kwamba shaka iliyosemwa mapema, ikiwa bado ndogo, inaumiza kidogo. Mikopo ya watu wa ndani haifiki bilioni 13 kwa usiku mmoja.

Halafu KUSCCO, chama kikuu kilichokuwa kinapokea akiba za sacco nyingine huko Kenya. Ripoti ya uchunguzi iliyotoka mapema 2025 ilikuta upotevu wa shilingi za Kenya bilioni 13.3, vitabu vimepikwa kwa miaka, na ikaripotiwa kwamba kuna hesabu zilizosainiwa kwa jina la mkaguzi ambaye alikuwa amekwisha kufariki.

Marehemu amesaini.

Sasa fikiria sacco ya walimu kule kijijini iliyoweka akiba yake KUSCCO. Mkaguzi wa ile sacco, kwa utaratibu wa kawaida, angepata barua ya uthibitisho wa salio, na barua inatoka KUSCCO kwenyewe. Salio linalingana kabisa na vitabu. Barua ya uthibitisho inathibitisha tu kwamba aliyeiandika ameiandika, na huko Ujerumani kampuni ya malipo ya Wirecard ilianguka Juni 2020 kwa staili inayofanana, euro bilioni 1.9 zilizosemekana ziko kwenye akaunti za Ufilipino hazikuwahi kuwepo. Kampuni ya ukaguzi ya EY ilikuwa imepitisha hesabu za Wirecard kwa miaka, na mwaka 2023 mamlaka ya Ujerumani ikaipiga faini ya euro laki tano na kuizuia kwa miaka miwili kuchukua wateja wapya wakubwa wa aina hiyo.

Watu wanapenda kusema haya mambo ni ya Afrika. Siyo. Ila sisi tukiibiwa tunakuwa hatuna pa kukimbilia, hiyo ndiyo tofauti.

Hati safi na zahanati isiyo na dawa

Hapa Tanzania kila mwaka ripoti ya CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ikikabidhiwa kwa Rais mwezi Machi, kisha ikafika bungeni Aprili, kuna halmashauri zinapongezana. Tumepata hati safi. Picha zinapigwa. Na mwananchi wa kata fulani anasoma hiyo habari akiwa ametoka zahanati ambako ameandikiwa dawa akanunue mwenyewe.

Anauliza, usafi uko wapi?

Ile hati inazungumzia hesabu, kwamba zimeandaliwa kwa kufuata viwango na hazina makosa makubwa. Halmashauri inaweza kuandika kwa usahihi kabisa kwamba imejenga jengo kwa milioni 200 na jengo halina mlango, na hati ikatoka safi, halafu ndani ya ripoti hiyohiyo, kurasa za mbele huko, CAG ameandika hoja moja baada ya nyingine kuhusu jengo hilo. Ukitaka kujua kama hela imefanya kazi, kasome hoja, na kasome ripoti za ukaguzi wa ufanisi. Bahati mbaya kinachotangazwa na diwani ni hati.

Na hapa lazima niwatetee wakaguzi wa serikali kwa moyo mweupe. Mishahara kulipwa watumishi waliokufa, walioacha kazi, waliostaafu, ripoti za CAG zilikuwa zinaandika hayo miaka mingi. Imeandikwa, imechapishwa, imesomwa. Ikaja 2016, uhakiki ukafanyika kwa kuhesabu watu, watumishi hewa wakaondolewa kwa maelfu. Mkaguzi hakuwa kimya kipindi chote hicho. Alikuwa anaongea na hakuna anayefanya kitu.

Mwaka 2018 ilikuja ile hoja ya shilingi trilioni 1.5 ambazo matumizi yake hayakuonekana, kutoka kwenye ripoti ya hesabu za 2016/17, mnakumbuka mjadala ulivyokuwa. Januari 2019 Profesa Mussa Assad, aliyekuwa CAG wakati huo, akaitwa na Spika kwenda kamati ya maadili kwa sababu ya kusema kwenye mahojiano kwamba Bunge ni dhaifu katika kufuatilia ripoti, Aprili Bunge likaazimia kutofanya kazi naye, Novemba nafasi yake ikachukuliwa na Charles Kichere. Desemba 2022 Mahakama Kuu ikasema kuondolewa kwake kulikuwa kinyume na Katiba. Mahakama ilipofika hapo, miaka mitatu ilikuwa imepita.

Mkaguzi kijana anayeangalia hayo anajifunza kitu. Nchi nzima inamwambia sema ukweli, na anaona aliyesema kilimpata nini.

Ndiyo maana nikisikia mtu anasema "wakaguzi wote wezi tu" naumia. Hapana. Lakini pia nikisikia mkaguzi anasema "wananchi hawaelewi" naumia vilevile.

Kazi inavyofanyika ukiwa ndani

Niseme nilichokiona, bila kutaja mtu wala ofisi.

Msimu wa ukaguzi ni Januari mpaka Machi, na sehemu kubwa ya kazi inafanywa na vijana waliotoka chuo juzi. Kijana anapewa faili la mwaka jana, anabadilisha tarehe, anafuata hatua zilezile. Sampuli ileile ya vocha, maswali yaleyale, na mteja anayajua kwa sababu mwaka jana aliulizwa hayohayo, ana majibu tayari. Mwandamizi anakuja siku ya kwanza na siku ya mwisho. Mwenye kusaini anaona muhtasari. Vijana wenyewe wanajituma sana, wanalala ofisini, wanakula chipsi juu ya mafaili, sio wavivu hata kidogo. Ni wachanga na hawana mtu wa kuwaambia hapa simama kwanza, hii namba haijakaa vizuri.

Barua za uthibitisho ndiyo kidonda. Kiwango kinasema mkaguzi mwenyewe ndiye anayezituma na majibu yanarudi kwake, hayapiti kwa mteja. Nimeona mhasibu wa mteja anachukua bahasha zote, "niachieni tu mimi nitazipeleka", na jioni anarudi nazo zimesainiwa na kugongwa mihuri. Kijana wa miaka ishirini na tatu atamkatalia vipi mhasibu mkuu mwenye umri wa baba yake, ambaye ndiye aliyemwagizia chai asubuhi? Malezi yetu hayajamfundisha kumwambia mzee "hapana, nitapeleka mwenyewe". Anasema "ahsante mzee".

Kwenye SACCOS ni rahisi zaidi kupenya hapo. Afisa mikopo ndiye aliyeandika mkopo hewa, na yeye ndiye anayepewa barua ampelekee mwanachama.

Na juu ya yote hayo kuna bei. Kazi inatangazwa, makampuni matano yanaomba, anachukuliwa wa bei ya chini. Kila mwaka bei inashuka kidogo. Saa za kazi zinapungua kufuata bei, hakuna njia nyingine, na kinachokatwa kwanza ni zile hatua zinazochukua muda, yaani kutoka ofisini, kwenda kuona, kumpigia mtu simu, kumsubiri. Karatasi hazina usumbufu, zinakaa mezani. Kwahiyo ukaguzi unabaki kuwa wa karatasi. Na mwizi yeyote mwenye akili anajua kutengeneza karatasi.

NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi hapa Tanzania, inapita kukagua kazi za wakaguzi, na hilo ni jambo zuri sana, natamani matokeo yake yangekuwa yanawafikia wanachama wa vyama vidogo kwa lugha ya kawaida, ili kabla hawajachagua mkaguzi wajue kazi yake iko vipi.

Nani anamchagua

Kampuni ya nishati ya Enron ya Marekani ilipokuwa inaelekea kuanguka, mwaka 2000 iliwalipa wakaguzi wake, Arthur Andersen, dola milioni 25 za ukaguzi na milioni 27 nyingine za ushauri. Ni ngumu kumwambia mtu hapana wakati anakulipa kiasi hicho. Kwetu kiasi ni kidogo mno lakini uhusiano ni uleule, meneja ndiye anayewapokea wakaguzi, meneja ndiye anayepeleka jina kwenye bodi, bodi inapeleka mkutano mkuu, sisi tunanyoosha mikono. Kisheria wanaomchagua mkaguzi ni wanachama. Kwa hali halisi wanachama hawajui hata jina lake.

Mwaka 2025 bodi ya kimataifa ya viwango, IAASB, imetoa toleo jipya la kiwango kinachohusu udanganyifu, ISA 240, litakaloanza na hesabu za vipindi vinavyoanzia 15 Desemba 2026. Linambana mkaguzi zaidi ya lile la zamani juu ya kutafuta udanganyifu na kueleza alichofanya. Tena ni kitu kilekile cha 1939, watu wamepiga kelele miaka, wakaambiwa hawaelewi, sasa kimeandikwa. Lakini kiwango kipya hakimpi kijana ujasiri wa kumkatalia mhasibu bahasha, wala hakiongezi ada ambayo mkutano mkuu umeipitisha bila kuuliza.

Hilo la ada na bahasha liko mikononi mwetu wanachama, na tunaliachia kila mwaka.

Angalia ratiba ya mkutano mkuu wowote wa chama. Kufungua, wageni rasmi, kumbukumbu za mkutano uliopita, yatokanayo, taarifa ya mwenyekiti, hesabu, makisio, ukomo wa madeni, uchaguzi. Kuteua mkaguzi kunakuja mwisho kabisa, saa tisa, watu wanasikia harufu ya pilau na wengine wameshasaini karatasi ya nauli. Linasomwa jina, "wanaoafiki", mikono juu, imepita. Dakika moja.

Dakika hiyo ndiyo pekee ambayo mkaguzi anasimama mbele ya waajiri wake halisi na bado hajapewa kazi, na ndiyo nafasi ya kumuuliza mambo ambayo baada ya hapo hayaulizwi tena. Wadaiwa wangapi utawapigia simu mwenyewe, sio kupitia ofisi ya mikopo? Barua za uthibitisho atazibeba nani? Mtu mwenye CPA atakaa siku ngapi ofisini kwetu? Mwaka jana mliandika mapendekezo gani kwa menejimenti, mangapi yametekelezwa, na tunaweza kusomewa? Na kama ada tuliyoweka haitoshi kufanya hayo, inatakiwa iwe shilingi ngapi?

Mtu yeyote anaweza kuuliza haya, hayahitaji uhasibu. Yule mama angeyauliza vizuri kuliko mimi.

Kwahiyo kama chama chenu kina mkutano mkuu mwaka huu, omba ajenda ya kuteua mkaguzi isogezwe juu, ikae mara tu baada ya hesabu, watu wakiwa bado wamekaa, na mkaguzi mwenyewe awepo ukumbini ajibu kabla ya mikono kunyooshwa.